Gitaa Chini ya Nyanya

Ambaye hakusoma safu yangu wiki iliyopita nampa kwa ufupi, maana sina nguvu ya kulia mara mbili. Nilirudisha pikapu nyuma bila kutazama, na gitaa langu jekundu la umeme lilikuwa nyuma ya tairi. Aliyeliweka hapo ni mimi mwenyewe. Nililiweka chini nitafute funguo, nikazipata, nikafurahi, nikasahau.

Gitaa lile alininunulia mke wangu Glenna mwaka tuliooana. Aliuza farasi wake ili alipate. Farasi aliitwa Biskuti, na mpaka leo picha yake iko ukutani juu ya friji, inanitazama kila nikienda kuchukua maziwa.

Kwa hiyo sikumwambia. Niliokota vipande, nikavizika kwenye tuta lake la nyanya nyuma ya nyumba, kwa sababu udongo pale ulikuwa laini na mimi nilikuwa na haraka. Kitufe kimoja cha sauti sikukiona. Nikasema kitakuwa kimerukia majanini, nikaenda kunawa.

Mimi ni Delbert Tackett. Nasoma mita za maji hapa Harmon Gap, Tennessee, na kila Jumamosi napiga gitaa katika bendi ya Bi Ludie Pruitt kwenye ukumbi wa wazimamoto. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa sikukuu ya ndoa yetu. Bi Ludie alikwisha kutangaza kwamba tutapiga waltzi yetu, ile tuliyocheza harusini, na Glenna atakaa kiti cha mbele alisikilize gitaa lake.

Shida yangu ilikuwa hiyo moja tu. Nipate gitaa jingine jekundu kabla ya Jumamosi, linalofanana na lile, Glenna asijue kwamba nimelikanyaga penzi lake kwa tairi la nyuma.

Nilianzia kwa Odell, kinyozi wetu. Odell ni mshauri wa mambo yote hapa mjini, hasa yale asiyoyajua.

"Nunua la mtumba," aliniambia, mkasi ukiwa karibu na sikio langu. "Jipya ni ujinga. La mtumba, mwenzako amekwisha kuulilia ule mkwaruzo wa kwanza. Wewe unalipokea limetulia."

"Na nikiuziwa lenye shingo iliyopinda?"

"Unalikagua, bwana. Unalitazama kama mtu anavyotazama farasi." Akaushusha mkasi. "Samahani."

"Endelea."

"Mimi ninalo jekundu. Kaa nalo mpaka Jumamosi, ukilipenda tutaelewana."

Hapa lazima niseme siri ya wanaume wapiga gitaa wa kaunti hii. Ukianza na jekundu, unaendelea na jekundu. Mke akipita sebuleni akaona gitaa jekundu, anajua ni lile lile. Odell anayo manne, na mke wake amekubali kwamba mumewe ana gitaa moja lisilotulia mahali.

"Lakini moyo wangu unataka la kale," nilisema, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi. "Gitaa jipya mti wake bubu. La mtumba limechoka. La kale, Odell, lile lililokaa miaka, mti wake unaongea. Hata mnifunge macho nitalitambua."

"Hata tukufunge macho?" alisema mtu mlangoni.

Alikuwa Bi Ludie mwenyewe, kaja kubandika tangazo la dansi. Ana miaka sabini na kitu, mfupi, na anapiga besi iliyomzidi kimo. Mumewe Harlan ndiye aliyeanzisha bendi, na tangu afariki yule mama anaiongoza bila kupaza sauti. Alifundisha watoto wa kanisani maisha yake yote, na anawatazama watu wazima vilevile.

"Lako lina nini, mwanangu?" aliniuliza.

"Liko kwa fundi, Bi Ludie."

"Fundi gani?"

"Wa mbali."

Akanitazama kidogo. "Basi chukua la Harlan. Liko chini ya kitanda tangu alipoondoka. Ni la zamani kuliko ndoa yetu."

"Rangi gani?" niliuliza, kwa adabu zote.

"Jekundu," alisema. "Harlan naye alikuwa na mke."

Mtu mwenye akili angeshukuru akaishia hapo. Mimi nilishukuru, kisha kesho yake nikaendesha hadi Knoxville kununua jipya pia, nisije nikakosa la kulinganisha.

Dukani nilipokelewa na binti mwenye kucha za kijani.

"Nataka jekundu, jipya," nilimwambia, "lakini liwe limechakaachakaa kidogo."

"Tunalo, baba. Limechakazwa kiwandani."

"Jipya, halafu limechakazwa?"

"Kwa mkono. Kuna fundi kazi yake ni hiyo."

"Na lisilochakazwa?"

"Hilo ni rahisi zaidi."

Ilibidi nikae. Alipomaliza kunieleza bei ya ile mikwaruzo, nikamwambia anipe lililo safi, kuchakaza nitajichakazia mwenyewe nyumbani bure.

"Naweza kulirudisha?"

"Unaweza, baba, likiwa kama lilivyotoka hapa."

Nikaweka saini bila kuyasikia maneno ya mwisho.

Gitaa langu lililovunjika lilikuwa na kipara mgongoni, mahali paliposuguliwa na bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda wangu, miaka yote. Bizimu hiyo ni kubwa, ina picha ya kambare, niliipata kwa kushinda mashindano ya uvuvi. Nikaingia gereji, nikafunga mlango, nikavua mkanda, nikaanza kusugua jipya huku suruali nimeishika kwa mkono mwingine. Nilisugua kwa bidii, nikijisifu kwamba kile kiwanda kingeniajiri.

Nilipoliinua nilione, nikagundua nimesugua upande wa mbele.

Basi nikawa na matatu. Jipya lenye kambare kifuani, la mtumba la Odell, na la kale la Harlan, ambalo lilikuwa linang'aa kuliko yote kwa sababu Harlan alikuwa akilifuta kila Jumapili. Kusema kweli lile la kale ndilo lililoonekana jipya, na jipya ndilo lililoonekana limepigana vita.

Nikapanga kwa akili. Kila siku litakaa moja tu sebuleni kwenye kile kisimamio, mengine yatajificha. Glenna atalizoea kila moja, na mimi nitachagua lipi lisimame daima mahali pa lile lililovunjika.

Jumatano niliweka jipya, nikaligeuza kifua kitazame ukuta.

"Gitaa lako leo linanuka duka," Glenna alisema, akipita na kapu la nguo.

"Nimelipaka mafuta."

"Mafuta ya duka?"

"Mafuta yote yanatoka dukani, Glenna."

"Ni kweli," alisema, akaenda zake.

Alhamisi niliweka la Odell.

"Leo linanuka poda ya kinyozi."

"Nilikwenda kunyolewa."

"Na gitaa?"

"Nilikwenda nalo."

"Likanyolewa pia?"

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa ananitazama tu, mikono kiunoni, halafu akaenda kupalilia nyanya zake. Kila akienda kwenye lile tuta mimi nilimchungulia dirishani, lakini nilijipa moyo kwamba nilichimba chini vya kutosha.

Ijumaa niliweka la Harlan. Glenna alisimama mbele yake muda mrefu. Akapitisha kiganja kwenye shingo ya gitaa, juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa cha gauni.

"Limenenepa shingo," alisema.

Nilishtuka. Mtu asiyepiga gitaa hawezi kujua habari za shingo. Lakini nilikwisha kuzama kwenye uongo, na ndani ya uongo mtu hana nafasi ya kufikiri.

"Ni hili joto la Julai. Mti unavimba."

"Maskini," alisema Glenna, akalipigapiga begani.

Ile shingo ilinitia hofu nikaamua la Harlan lisikae tena hadharani. Bi Ludie alikuwa ameniambia lisipate joto wala unyevunyevu. Nikafikiri sana. Gereji kuna joto, bafuni kuna unyevu, na darini kuna nyuki. Ndipo nikalikumbuka friza letu bovu.

Friza lile lilikufa zamani, limebaki gerejini kwa sababu mimi huwa nasema nitalitengeneza. Mfuniko wake una mpira mzima pande zote, hauingizi hewa. Nikalipangusa, nikalitia gitaa la Harlan kwenye kasha lake, nikalilaza ndani, nikafunga mfuniko kwa utepe wa gundi kuzunguka pande zote. Wenye majumba ya makumbusho hawana kitu kizuri kama kile. Nililala nikiwa na raha.

Jumamosi asubuhi nikachukua lile jipya nikaenda Knoxville kulirudisha. Nilikuwa nimeamua. Jukwaani nitapiga la Odell, kwa kuwa ndilo lililofanana na lile lililovunjika kwa umbo. Likishapigwa likapigiwa makofi, Glenna hatauliza kitu tena.

Binti wa kucha za kijani alilitazama gitaa, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Baba, huyu ni ng'ombe?"

"Ni kambare."

"Hili siwezi kulipokea kama jipya," alisema kwa huruma. "Hili sasa ni la mtumba."

Niliendesha kurudi nyumbani nikiwa na gitaa lililozeeka kwa siku chache kuliko gitaa lolote Tennessee. Nilipokata kona ya mtaa wetu nikaona magari yamejaa pembeni ya barabara, na meza zetu zote ziko nje kwenye majani.

Glenna alikuwa ametoa vyombo vya zamani anauza. Ni jambo la kawaida kwetu Jumamosi za kiangazi, mtu anatandaza mbele ya nyumba vitu asivyovitaka, na majirani wanakuja kununua vitu wasivyovihitaji. Alikuwa amevaa kofia yake ya majani, mwenye furaha.

"Tumeuza vizuri, mume wangu," aliniambia. "Nimeuza mpaka lile friza."

Nilishika mlango wa pikapu.

"Friza lipi?"

"Tuna mangapi? Lile bovu. Kaja Vester Goins, akatoa dola kumi na kopo la minyoo."

"Alilifungua?"

"Hakutaka hata kulifungua. Lilikuwa limezungushiwa utepe wa gundi. Alisema yeye anataka sanduku tu, akalipakia akaondoka." Akanitazama usoni. "Delbert, mbona umekuwa mweupe hivyo? Kulikuwa na nini ndani?"

"Hewa," nilisema. "Hewa tu."

"Basi usichelewe jioni. Nataka nilisikie gitaa langu."

Vester Goins anauza chambo kando ya ziwa, na hakuna mvuvi hapa asiyemjua. Mafriza mabovu ya kaunti nzima huishia kwake. Anayalaza chini ya miti, anayajaza udongo na maganda ya mboga, na ndani yake anafuga minyoo, maana humo hawapati jua wala hawatoroki. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo, anatafuna tumbaku.

"Delbert. Unataka wembamba au wanene?"

"Nataka friza la leo."

"Lile pale mwisho. Limekwisha kujazwa."

Sikusubiri. Nilifungua mfuniko, nikazamisha mikono mpaka kwenye mabega, nikaanza kutupa udongo nje. Minyoo waliniingia mikononi, mmoja akaingia kwenye shati akashuka. Nilichimba nikiomba msamaha kwa Harlan, kwa Bi Ludie, kwa Glenna, mpaka kwa Biskuti. Niligusa chini ya friza. Chini palikuwa patupu.

"Unatafuta nini?" aliuliza Vester, baada ya kutema mate.

"Gitaa."

"Aa. Lile nililitoa kwanza."

Niliinuka taratibu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nikaona umeshughulika."

"Liko wapi, Vester?"

"Nimempelekea mwenyewe. Kasha limeandikwa jina, Harlan Pruitt. Mimi mali ya marehemu siiweki kwangu." Alisema hivyo kwa fahari, na haki yake, maana ni mtu mwaminifu. Laiti angekuwa mwizi.

"Bi Ludie alikuuliza umelipata wapi?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Ukweli. Ndani ya friza la Glenna." Akanipa kitambaa nijifute. "Akaniuliza namba yenu ya simu. Una mnyoo sikioni."

Saa ya dansi ilipokaribia, jua bado liko juu ya vilima, niliingia ukumbini na gitaa la Odell mkononi na udongo kwenye kucha. Lile jipya nililiacha kwenye pikapu nikafunga mlango, na funguo nikatia mfukoni. Watu walikuwa wamejaa, kambare wanakaangwa nje, meza zimejaa mabakuli. Glenna alikuwa kiti cha mbele, gauni la bluu lenye mifuko. Alinipungia mkono.

Bi Ludie alikuwa anakaza nyuzi za besi yake.

"Harlan yuko wapi, mwanangu?" aliniuliza bila kuinua macho.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli pale. Niliiona kabisa ikipita.

"Yuko ndani ya gari, Bi Ludie. Anapumzika."

"Hajambo?"

"Hajambo kabisa."

"Nafurahi kusikia," alisema.

Nilitamani anitukane. Badala yake alisogea kwenye maikrofoni, akapiga kikohozi kidogo, na ukumbi wote ukanyamaza.

"Kabla ya waltzi ya Delbert na Glenna," alisema, "kuna jambo Delbert alilisema kwa Odell. Alisema gitaa la kale analitambua hata akifungwa macho. Mimi ni mzee, nisingependa nife kabla ya kuliona hilo."

Watu wakapiga makofi, Odell akapiga miluzi. Nikavutwa kwenye kiti katikati ya jukwaa, mgongo kwa bendi. Bi Ludie akanifunga macho kwa leso, na alipokuwa anakaza fundo akaninong'oneza sikioni.

"Matatu. Jipya, la mtumba na la Harlan. Jibu vizuri, mwanangu."

Alijua yote matatu. Lakini nikajiambia labda Mungu ananifungulia mlango. Nikilitambua la Harlan mbele ya watu, Bi Ludie atanisamehe kwa heshima ya mume wake, na wale watu wakinishangilia Glenna atasahau kuuliza mengine. Nikatega masikio kama sijawahi.

La kwanza likapigwa. Ilikuwa waltzi yetu, mwanzo wake, kwa mkono mwepesi na wa uangalifu.

"Jipya," nikasema kwa sauti kubwa. "Safi, lakini halina kitu ndani. Sauti ya bati."

Watu wakacheka. La pili likapigwa, muziki ule ule, na nywele zikanisimama. Palikuwa na majonzi mle ndani. Hata yule mpigaji alijikwaa mahali fulani, kwenye ule mteremko ambapo mimi pia hujikwaa kila Jumamosi, na nikajisemea huyu ni mtu aliyenisikiliza sana.

"Hili," nilisema, na sauti yangu ilitetemeka kweli. "Hili ndilo la Harlan. Sikilizeni mti unavyoongea. Hiyo ni miaka, ndugu zangu. Miaka haiuzwi dukani."

Mtu mmoja nyuma alianza kukohoa. La tatu likapigwa, nikalikatiza kabla halijafika mbali.

"La mtumba. Limechoka, lipumzisheni."

"Una hakika?" aliuliza Bi Ludie.

"Naapa."

"Mfungueni."

Leso ikatoka, nikageuka. Kwenye kiti changu cha bendi alikuwa amekaa Glenna, gitaa la Odell pajani, mkono wa kushoto bado kwenye shingo, vidole mahali panapostahili. Kando yake hapakuwa na gitaa jingine. Bi Ludie alikuwa amelikumbatia kasha la Harlan, na kasha lilikuwa limefungwa.

"Alipiga hilo hilo mara zote," alisema Bi Ludie. "Harlan hajaguswa. Bado ananuka minyoo."

Kicheko kilichopigwa mle ndani nadhani Vester alikisikia ziwani. Nikatia mkono mfukoni. Funguo za pikapu zilikuwa pale pale, na jipya lilikuwa ndani ya gari muda wote.

Lakini mimi sikuwa nawasikiliza. Nilikuwa namtazama mke wangu. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona ameshika uzi mmoja.

"Glenna," nilisema. "Umejifunza lini?"

"Ukitoka kwenda kusoma mita." Alisema polepole, kama anayeona haya kidogo. "Kila siku, Delbert, tangu tuoane. Nakaa pale sebuleni napiga mpaka nikisikia gari lako. Nililinunua kwa Biskuti. Nikaona na mimi nina haki ya kulishika."

Kicheko kilikuwa kimepungua. Watu walianza kuvuta viti karibu.

"Kwa hiyo Jumatano…"

"Jumatano nilijua kutoka mlangoni. Alhamisi nilijua. Ijumaa nililishika nikajua ni la Harlan, maana yeye ndiye aliyenifundisha kukaza nyuzi." Akavua mkanda wa gitaa begani, akamrudishia Odell gitaa lake kwa upole. "Mimi sitambui kwa masikio. Natambua kwa mkono."

Niliona aibu, msomaji. Nilimpenda na nikaona aibu kwa wakati mmoja, na sijui lipi lilikuwa kubwa. Wiki nzima nilikuwa naficha magitaa mekundu nyuma ya magitaa mekundu, na yeye miaka yote alikuwa anapiga moja tu, akilisubiri limrudie kila asubuhi.

"Sasa," alisema Glenna, akashuka jukwaani akasimama mbele yangu, karibu kabisa. "Nataka kumalizia waltzi yetu. Nataka niimalizie kwenye gitaa letu. Bi Ludie ananiambia liko kwa fundi wa mbali."

"Ndiyo," nilisema.

"Mbali wapi?"

Nikamtazama Odell. Odell alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamtazama Bi Ludie, naye akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyeulizwa swali rahisi darasani. Nikafungua kinywa niseme fundi yuko Knoxville, ni mtu mzuri, ana kazi nyingi.

Glenna akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni. Akaushika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akaweka kitu kidogo humo na kunifumba vidole mwenyewe. Sikuhitaji kukitazama. Kilikuwa kile kitufe cha sauti, cha mviringo, kina meno meno pembeni, na kwenye yale meno kulikuwa na udongo.

"Asubuhi nilikuwa napalilia nyanya," alisema. "Nilipokiona hicho niliacha kuchimba. Nilitaka uniambie wewe, Delbert, kama chini yake kuna kingine."

Kinywa changu kilikuwa bado wazi, na yule fundi wa Knoxville bado yuko ulimini.